Nguzo Namba Mbili

Kosa la Flaviana lilikuwa kwamba nguzo yake haikuwa na kosa.

Jambo hilo lilianza Jumatano asubuhi, Injinia Nathan aliporudi kutoka maabara na nguzo tatu fupi nyuma ya pikapu. Mashine ilikuwa imezibana mpaka zikavimba kiunoni. Alizishusha chini ya turubai, akazipanga mstari, akazizunguka mara mbili.

"Namba mbili," akasema. "Nani alijaza namba mbili?"

Flaviana alikuwa akiosha koleo. Aliendelea kuliosha, ingawa lilikuwa limeshatakata kitambo.

Alikuwa na miezi minne hapo Area D. Mjomba wake, Castory, ndiye aliyemtoa kijijini Mlali, akampa kitanda nyumbani kwake na kazi kwenye kikosi chake cha kuchanganya zege. Katika miezi hiyo yote, Flaviana alikuwa amemwambia Injinia maneno mawili tu: shikamoo na sawa. La kwanza halikumpendeza Injinia, maana alikuwa na miaka ishirini na tisa. La pili lilimpendeza sana, basi Flaviana akawa analitumia zaidi.

Kazi yao ilikuwa kujaza zege ndani ya mabomba ya chuma, yawe nguzo za kubeba tangi la maji Hombolo. Kujaza si shida. Shida ilikuwa ya Nathan. Programu yake ya kompyuta ilikubali nguzo ya kitu kimoja tu, chuma au zege, nayo nguzo ilikuwa vitu viwili. Kwa hiyo ilimbidi abuni kitu cha tatu, kisichouzwa dukani, chenye ugumu sawa na ule wa chuma na zege vikibeba pamoja.

"Yaani unatafuta mtoto wa hao wawili," Sikuzani alimwambia siku moja. Sikuzani alikuwa mwanamke wa makamo, mchota maji wa kikosi, na hakuna aliyewahi kumwuliza kitu akakosa la kujibu.

"Hapana, dada. Natafuta mtu mmoja anayebeba mzigo kama wale wawili wakisaidiana."

"Hayupo."

"Najua hayupo. Namtafutia namba."

Namba aliipata. Alichukua ugumu wa chuma na unene wa bomba, akachukua ugumu wa zege na upana wa tumbo la nguzo, akavichanganya kwenye karatasi, ikatoka arobaini na nne. Kisha akapeleka nguzo tatu maabara ili zithibitishe namba hiyo. Ya kwanza ilitoa thelathini na sita. Ya tatu, thelathini na tano. Ya pili ilitoa arobaini na nne kamili.

"Sasa sikilizeni," Nathan alisema, akiwa amesimama mbele yao. "Nguzo mbili zinasema neno moja. Zege lenu ndivyo lilivyo, la thelathini na tano, thelathini na sita. Hii moja mtu ameiongezea saruji ili ipendeze maabara. Huyo anataka nipeleke uongo Hombolo, tangi liwaangukie watu. Nikimjua, leo hii anarudi kwao."

Castory alitazama tarehe iliyoandikwa kwa chaki kwenye nguzo.

"Hiyo ni ya Jumamosi," akasema. "Mimi sikuwepo, nilikuwa msibani. Alipima Flaviana." Alilisema bila ubaya. Kwake ukweli ulikuwa kitu cha kusemwa tu, kama saa. "Ni binti mzuri, Injinia. Labda hajui."

Nathan akamgeukia. "Flaviana. Uliongeza saruji?"

Macho ya kikosi kizima yakamwangukia. Ulimi wake ukaenda pale ulipozoea kwenda.

"Sawa," akasema.

Mashine ya kuchanganyia zege ilikuwa imezimwa; kila mtu alimsikia.

"Amekiri," alisema mtu wa nyuma.

"Hajakiri, ameogopa," Sikuzani akamjibu. "Wewe ukiogopa huwa unasema nini? Tulikusikia siku ya nyoka."

Nathan alisugua paji la uso. Hakuwa mtu mkatili, ila alikuwa mtu wa utaratibu. "Naandika barua," akasema. "Saa sita naipeleka ofisini. Kama una neno, uniletee kabla ya hapo." Akaketi kwenye meza yake ya mbao kando ya mizani ya kupimia nondo.

Neno Flaviana alikuwa nalo. Alijua tangu mwanzo kwa nini nguzo zilitofautiana. Ila neno lenyewe lilikuwa limekaa juu ya kichwa cha mjomba, na huwezi kuliokota bila kumgusa. Akinyamaza, arudi Mlali na jina la mdanganyifu. Akisema, amemvua nguo kaka wa mama yake mbele ya watu, na jioni akale ugali mezani kwake.

Saa tano akachukua ndoo ndogo, akaijaza kokoto, akapitisha ubao juu yake mpaka zikalingana na mdomo. Akaiweka juu ya mizani. Kilo kumi na tano.

Nathan aliinua kichwa. "Nini hiki?"

"Ya Jumamosi," Flaviana akasema, kwa sauti ya kuiambia ndoo.

Akaimwaga, akaijaza tena. Safari hii alijaribu kuipandisha kilima juu, lakini hakuwa na mkono wa kazi hiyo. Kokoto ziliporomoka kila upande. Alijaribu mara ya pili, zikaporomoka vilevile. Castory, aliyekuwa akitazama kutoka kwenye kivuli cha mashine, alivumilia mpaka akashindwa.

"Lete hapa," akasema. "Unamwonyesha Injinia uchafu gani? Atadhani ndivyo tunavyofanya."

Akachota mara tatu kwa koleo, akaitikisa ndoo, akaipiga kofi ubavuni, akaongeza, akakanda kwa kiganja. Kilima kikasimama kama kichuguu. Akaibeba hadi kwenye mizani bila kudondosha kokoto hata moja. Kilo kumi na tisa na nusu.

"Hii ndiyo ndoo," akasema.

Nathan aliweka kalamu chini. "Fundi Castory. Kokoto zote unazipima hivi?"

"Zote. Mimi nimepima mahindi miaka kumi na nne. Hakuna mtu aliyewahi kusema nimempunja."

"Na saruji?"

"Saruji napitisha ubao. Saruji ni ya tajiri, siwezi kuigawa kwa lumbesa ikapanda kilima."

"Mimi nilisema ndoo moja ya saruji, ndoo tatu za kokoto."

"Nikatia tatu."

"Umetia nne, mzee."

"Tatu. Waulize, walikuwa wanahesabu."

"Tatu," wenzake wakasema.

Nathan hakubishana zaidi. Alimwita mchomeleaji, wakalichana bomba la namba moja kwa msumeno wa umeme, kisha la namba mbili. Ndani ya namba mbili zege lilikuwa limeshikana kama jiwe. Ndani ya namba moja kokoto zilikuwa zimeegemeana kavukavu, uji wa saruji haukuzitosha, na katikati kulikuwa na matundu ya kuingiza kidole. Castory aliingiza kidole. Akakitoa, akakitazama, akaingiza kwenye tundu jingine.

"Nilikuwa nawapa zaidi," akasema taratibu.

"Najua," Nathan akasema. Akaichana barua. Akaagiza nguzo sita zilizokwisha jazwa zitengwe, zikatumike kwenye uzio. Kisha akageuka kwa Flaviana. "Kuanzia kesho kipimo ni chako. Yeye ajaze, wewe uangalie. Ndoo isiyolingana isiingie kwenye mashine. Umenielewa?"

Safari hii aliitikia kwa kichwa tu. Hakuuamini ulimi wake.

Jioni ile Castory alikula upesi, akalala mapema. Asubuhi alitangulia kazini peke yake.

Ndoo ya kwanza aliileta mwenyewe. Aliitua mbele ya Flaviana, na kilima chake kilikuwa palepale, kizuri, kimekandwa. Huenda mkono ulisahau. Huenda haukusahau. Kikosi kikaacha kazi kutazama.

Flaviana aliukamata ubao. Kumpitishia mjomba ubao kwenye ndoo yake aliona ni vibaya zaidi kuliko kumwambia.

"Mjomba," akasema.

"Naam."

"Imezidi."

"Sijasikia."

"Imezidi, mjomba. Punguza."

Castory alimtazama kama anayemlinganisha na mtu fulani wa ukoo. Kisha akanyoosha mkono. Flaviana akampa ubao. Akaupitisha juu ya ndoo, na kokoto zikamwagika juu ya viatu vyake.

"Zinapotea bure hizi," akasema.

"Zinaingia ndoo inayofuata," Flaviana akamjibu.

Siku hiyo walijaza ndoo mia na kumi. Flaviana alimwambia punguza mara sitini na tatu.