Aya Isiyochapishwa

Katika mashindano ya shoka, bingwa ndiye anayeanza mwisho. Kila mtu husimama juu ya gogo lake, mhesabu akapaza sauti, moja, mbili, tatu, na wanyonge huanza kukata kwenye tatu. Waliowazidi kidogo hungoja saba, wengine kumi na mbili, kila mtu na namba aliyopewa na kamati kwa kadiri ya ushindi wake. Mwaka huo wa 1953 Athol Mundy alipewa ishirini na moja. Maana yake ni kwamba alisimama kimya, shoka limelala juu ya gogo, vibanzi vya wenzake vikimrukia usoni, mpaka namba yake itajwe. Ukianza kabla ya namba yako umetolewa, hata uwe mtoto wa gavana.

Lindsay Tregear, mwandishi wa michezo wa gazeti la mji wa Penhallow, kaskazini mwa kisiwa cha Tasmania huko Australia, alipenda kule kusubiri kuliko hata ushindi. Watu wote walitazama mashoka yanayoshuka, yeye alimtazama mtu aliyetulia. Na kosa lake, kama ni kosa, ni kwamba alikwenda akayaandika hayo gazetini.

Alikuwa amefanya hivyo kwa miaka miwili, tangu siku aliyotumwa kumhoji Athol kwenye kibanda cha kunolea mashoka, nyuma ya nyumba ya kina Mundy. Athol si mtu wa maneno. Lindsay aliuliza maswali tisa akapata majibu matatu, na mawili kati ya hayo yalikuwa "ee." Mwishowe akafunga daftari.

"Bwana, nimeshindwa. Nionyeshe basi unavyonoa."

Athol akamshika mkono, akakiweka kidole gumba cha mwandishi kwenye makali ya shoka, taratibu, ajue mwenyewe makali ni kitu gani. Kisha akasahau kuuachia ule mkono. Lindsay naye hakumkumbusha. Tangu siku hiyo kibanda kile kikawa mahali pekee duniani ambapo Lindsay hakuwa na haja ya kuuchunga uso wake.

Nje kulikuwa na mengi ya kuchunga. Sheria ya kisiwa ilikuwa na jela kwa wanaume wa namna yao, na mji mdogo hauna hata haja ya sheria, ulimi unatosha. Kwa hiyo hawakuandikiana barua. Na hata wangeandikiana, Athol angezisomaje? Alitolewa shuleni akiwa na miaka tisa, akaenda kuburuta magogo na baba yake, na kusoma kukampita. Lakini kila Jumamosi asubuhi, akiwa anakunywa uji, mama yake alimsomea safu ya Lindsay gazetini kwa sauti. Lindsay alilijua hilo. Basi ile safu ikawa ndiyo barua yake, na wilaya nzima ikawa inaisoma bila kujua imeandikiwa nani.

Au labda ilijua. Penye wengi pana mengi.

Jumamosi ya maonyesho ya kilimo, fainali ya kukata gogo lililolazwa chini ilivutia watu mpaka juu ya uzio. Perce Rudge, mshindani wa Athol tangu wakiwa vijana, alipanda juu ya gogo lake akiwa na gazeti mkononi. Lilikuwa la asubuhi ile ile.

"Jamani, tulieni niwasomee!" akaita. "'Mundy anaposubiri namba yake, viganja vyake hupumzika juu ya mpini, na uwanja mzima hupumua taratibu pamoja naye.' Uwanja mzima! Mimi mbona sikupumua? Hocking, wewe ulipumua?"

"Mimi nilikohoa tu," mzee Hocking akajibu kutoka gogo la tatu, na uwanja ukaangua kicheko.

Rudge akakunja gazeti, akalichomeka mfukoni. "Sasa huyu mwandishi wetu, nauliza tu kwa wema, kaoa au kaolewa?"

Kicheko kikazidi, kisha kikapungua kwa namna ambayo Lindsay hakuipenda. Watu kadhaa waligeuza shingo kuitazama meza ya waandishi. Alihisi damu ikimtoka usoni, akainamia daftari lake, na penseli haikuandika kitu.

Mhesabu akaanza. Tatu, Hocking akashusha shoka. Kumi na moja, Rudge naye akaingia, vibanzi vikaruka. Athol alisimama. Kumi na saba. Kumi na nane. Hapo akainua macho kutoka kwenye gogo, jambo ambalo hakuwahi kulifanya, akautazama uso wa Lindsay. Kwenye kumi na tisa shoka lake lilishuka.

Kengele ikalia. Katolewa. Miaka tisa ya mashindano, na hajawahi kuiba hata hesabu moja. Athol alishuka kwenye gogo, akalifuta shoka lake kama kawaida, akaondoka bila kumtazama mtu.

Usiku ule Lindsay hakulala, na asubuhi uamuzi ulikuwa umepatikana. Ni yeye aliyemponza Athol. Akibaki, atamponza zaidi, na safari ijayo haitakuwa kengele, itakuwa polisi. Aliandika barua ya kuomba uhamisho kwenda Hobart, mji mkuu wa kisiwa, akaandike habari za meli bandarini huko au za kitu chochote. Mhariri alikuwa likizo, angerudi Jumatatu ya wiki ya pili, kwa hiyo barua ikakaa mfukoni mwa koti. Wiki nzima hakukanyaga kibandani. Safu ya Jumamosi iliyofuata aliiandika kwa mistari minane. Rudge ameshinda. Mundy alianza mapema, akatolewa. Kulikuwa na manyunyu. Lindsay alipoisoma upya aliona ni safu safi, haina doa, na alitamani kulia.

Jumamosi hiyo hiyo jioni akaletewa kikaratasi chenye mwandiko mkubwa wa mwanamke. *Kesho uje kula mchana. Usilete maua.*

Alikwenda. Mtu anayengoja kuhukumiwa heri aende kwa miguu yake mwenyewe. Mama Mundy, mjane mfupi mwenye mikono ya kazi, alimfungulia mlango akamwangalia juu mpaka chini.

"Umekonda. Kaa, baba, kondoo anapoa."

Athol alikuwa mezani tayari, nywele zimechanwa kwa maji, macho kwenye sahani. Walikula kondoo wa kuokwa na viazi na njegere, na hakuna aliyesema neno isipokuwa kuombana chumvi. Chakula kilipokwisha, mama akaondoa sahani, akafuta meza, akaleta kopo la biskuti. Ndani yake mlijaa vipande vya gazeti vilivyokatwa kwa mkasi, vimefungwa kwa uzi.

"Miaka miwili," akasema. "Nimehesabu. Viganja vya mwanangu umevitaja mara kumi na nne. Mabega mara tisa. Shingo mara tano, na shingo hata haikati gogo! Perce Rudge kashinda mara sita, na mpaka leo msomaji hajui kama mtu yule ana mikono."

Lindsay akaanza. "Mama Mundy, mimi..."

"Sijamaliza. Mimi nimezeeka, sijawa mjinga. Mapenzi ni kikohozi, hayafichiki, sawa. Lakini mtu mwenye kikohozi huziba mdomo! Wewe unakohoa gazetini, mbele ya wilaya nzima."

"Mama," akasema Athol, masikio yamemwiva kwa aibu.

"Mama nini? Nimesema uongo?"

Lindsay akaitoa ile barua mfukoni, akaiweka mezani kando ya kopo. "Naondoka, mama. Naomba uhamisho Hobart. Kesho mhariri anarudi, nitampa. Mimi ndiye niliyemponza Athol, na sitaki nije nimponze tena."

Mama Mundy aliitazama barua, akavuta kiti akaketi, na alipoanza kusema ukali wote ulikuwa umemtoka.

"Jana nilimsomea safu yako. Mistari minane. Kijiko kikabaki hewani. Akaniambia, 'Soma iliyobaki, mama.' Hakuna iliyobaki! Nikamtazama. Uso ule niliuona mara moja tu, siku tuliyomzika baba yake. Basi nikaendelea kusoma."

"Kusoma nini?" akauliza Lindsay.

"Nilitunga, baba! Ningefanyaje? Nikasema, Mundy alisimama juu ya gogo, na mwandishi alimwona, na mwandishi alitamani angekuwa karibu amshike mkono. Nikasema yupo mtu uwanjani ambaye kwake Mundy hajashindwa." Akapangusa macho kwa aproni, kwa hasira. "Mimi si mwandishi. Nikaishiwa maneno, nikarudia viganja."

Lindsay alikuwa amejiandaa kutukanwa, kufukuzwa, hata kupigwa. Kwa hili hakujiandaa.

"Nilijua unatunga," akasema Athol. "Ulikuwa umeshika ukurasa wa bei za ng'ombe. Una picha ya fahali."

"Sasa mbona hukunizuia?"

"Nilitaka kusikia."

Kisha Athol, mtu wa "ee," akageuza kiti chake kizima kumwelekea Lindsay. "Hukuniponza wewe. Nilitaka kushuka nikamzibe Rudge mdomo, ila mkono ukalikuta gogo kwanza. Nimetolewa mara moja, nitarudi. Gogo lingine lipo kila mwezi. Wewe ukienda, nitarudi kwa nani?" Akasita, akatafuta neno, akalipata. "Usiende, Lindsay. Nakupenda. Nilidhani unajua, ndiyo maana sikusema."

"Nilijua," akasema Lindsay. "Lakini sema tu."

Mama Mundy akakohoa kwa makusudi. "Vizuri. Sasa nisikilizeni. Chumba cha nyuma kiko tupu. Mjane akiweka mpangaji, nani atashangaa? Mwenyewe nitawalalamikia wenzangu kanisani kwamba unakoroma na unamaliza jemu. Na wewe, gazetini, utaandika habari za kila mtu. Hocking ana ndevu, andika ndevu. Rudge ana mgongo mzuri, tusiwe wachoyo. Uandike mgongo wake."

"Mgongo wa Rudge?" akasema Athol.

"Wa Rudge. Na uandike vizuri, nitajua ukilegea."

Athol akaichukua barua pale mezani. Neno hata moja lililokuwamo hakulijua, lakini alijua barua ilitaka nini. Akafungua kidirisha cha jiko la kuni, akaitia motoni. Lindsay akaitazama ikiungua, akagundua anacheka, na machozi yanamtoka.

Aliandika mgongo wa Rudge. Alijilazimisha, siku mbili nzima, na ukatoka mgongo wa kusifiwa mpaka kisiwa cha jirani. Mke wa Rudge alikikata kile kipande akakibandika ukutani jikoni. Ndevu za Hocking nazo zilipata aya yake, na mzee wa watu akaanza kuzichana. Mashindano ya Februari, Rudge alipopanda gogo na kufungua kinywa, kuna mtu alimkatiza kutoka kwenye uzio: "Nyamaza wewe, mwandishi kashakuposa mgongo!" Uwanja ukacheka, na Rudge, haki ya Mungu, alitabasamu akauweka mgongo wake juani uonekane.

Athol alisubiri. Kumi na tisa ikapita. Ishirini. Macho yake yalibaki kwenye gogo, na Lindsay, mezani kwa waandishi, alihesabu naye moyoni. Kwenye ishirini na moja shoka likashuka. Hocking alimshinda kwa pigo moja, na ndevu zile zikabebwa mabegani kuzunguka uwanja. Athol aliletwa mbele akiwa wa pili, akapungia mkono upande wa waandishi wote, kwa haki kabisa.

Jumamosi asubuhi uji ulikuwa wa watu watatu. Mama Mundy alilishika gazeti, akalirudisha mezani.

"Macho yangu yamechoka leo. Soma wewe mwenyewe." Jana yake tu alikuwa ametunga uzi kwenye sindano bila miwani.

Lindsay akasoma. Ndevu za Hocking zilikuwamo, mgongo wa Rudge ulikuwamo, na vijana wawili wapya walisifiwa magoti. Mundy alipata mstari mmoja. *Mundy alisubiri namba yake, akamaliza wa pili.*

Athol akaweka kijiko chini. "Basi?"

Mama akainuka, akachukua ndoo. "Kuku hawajala," akasema, ingawa walikuwa wamekula saa nzima iliyopita, na akaufunga mlango nyuma yake.

Lindsay akafunua gazeti mpaka ukurasa wa bei za ng'ombe, akaliinua usawa wa uso, akaanza kusoma aya ambayo haikuwamo. Aliisoma taratibu, ndefu, viganja na mabega na ile shingo isiyokata gogo, na jina alilitaja moja tu. Alipomaliza, nje mama alikuwa akiwasemesha kuku kwa sauti kubwa kuliko ilivyohitajika.

"Soma tena," akasema Athol.