Mahindi Yanayopumua Adhuhuri

Kila aliyepita shule anajua kwamba jua likiwaka, mmea huvuta hewa ukaa na kutoa mvuke wa maji. Mtafiti wetu naye alijua, mpaka kipimo chake katikati ya shamba la mahindi kilipomwambia vingine. Kila adhuhuri hewa ukaa ilipanda badala ya kushuka. Mtu mwenye akili timamu angekagua kipimo. Yeye alivimba kichwa. Akatunga kanuni mpya, kwamba mahindi hutoa hewa ukaa adhuhuri, akaichomeka kwenye modeli yake ya kompyuta inayoiga udongo, mimea na hewa, na modeli ikatii kama mtoto aliyeahidiwa pipi. Nyumbani mkewe akaanza kumwita Profesa, na shemeji zake wakafuata.

Siku ya kutetea shahada ya uzamivu, mkewe na shemeji walijaa kwenye benchi nje ya ukumbi, wamevaa wakapendeza. Ndani, mtafiti alijimwaga kwa maelezo hadi koo likakauka. Mtahini mkuu, mama asiyecheka ovyo, akanyoosha kidole kwenye mchoro wa hewa ukaa, mahali mstari usipopanda.

"Wiki hii moja mbona mahindi yametulia?"

"Wiki hiyo niliumwa, mama. Sikwenda shambani."

Ulimi ulikuwa umeshatangulia; akili ikafika baadaye, ikihema. Kivuli pekee shambani kilikuwa cha sanduku la kipimo, na chini yake ndipo alipotandika mkeka wake kila adhuhuri, pua ikielekea kwenye tundu la kuvutia hewa. Kulala huko mwenyewe alikuita kufuatilia hali ya shamba. Aibu ilimpanda tangu miguuni. Angeweza kusingizia hitilafu ya umeme. Uongo ulikuwa tayari mdomoni, na shahada ilikuwa karibu kabisa, aliitaka mno.

"Mahindi hayana kosa," akasema. "Anayepumua hapo ni mimi. Huwa nalala."

Ukumbi ukaangua kicheko. Hata mtahini alivua miwani, akafuta macho. Kisha akamwambia aifute kanuni yake yote, apime upya msimu mzima, na akalale kwingine.

Nje, mkewe aliinuka wa kwanza. "Vipi, umepita?"

"Wamenirudisha. Miaka yote hii nimethibitisha kitu kimoja tu, kwamba napumua."

Mkewe alimtazama kuanzia viatu hadi tai, akamshika mkono.

"Basi twende ukapumulie nyumbani."