Kichupa cha Friza ya Saba

Mpimaji wa maabara alifika kazini saa mbili kasorobo, akavaa glavu, akafungua friza ya saba. Humo mlikuwa na vichupa elfu tisa vya damu ya watu waliojitolea kwa utafiti wa vinasaba, kila kimoja na namba badala ya jina. Kichupa kimoja cha safu ya chini kikakohoa.

"Dada," kikasema, "mwanangu anao."

Ilikuwa sauti ya mdogo wake, aliyeanguka na kufa akianika nguo miaka miwili nyuma. Moyo wa marehemu ulisimama tu. Mpimaji akakifuta barafu.

"Anao nini?"

"Ugonjwa ulioniua. Kompyuta yenu imeshauona kwenye damu yangu, na nilimrithisha."

Akakipeleka kwa mtafiti mkuu. Mtafiti akakisikiliza hadi mwisho, akaitikia kwa kichwa.

"Marehemu anasema kweli. Damu yake na ya wenzake laki moja ndiyo iliyotufumbua macho. Dawa imepatikana, watu wa mbali wanapona. Ila fomu aliyotia saini inasema majibu hapewi mtu. Namba haina ndugu."

"Hii inaye, bosi. Ni mimi."

"Pole sana, mama."

Mchana akakificha kichupa ndani ya chupa ya chai iliyojaa barafu, akampitia binti wa marehemu shuleni, wakaenda hospitali. Kichupa kikamweleza daktari mambo yote, pole pole, asipitwe na neno. Daktari aliandika nusu ukurasa, akasita, akauchana.

"Dawa haitoki bila cheti cha maabara yenu, kipimo hicho hapa hatuna. Sauti nitaibandikaje kwenye faili?"

Mpimaji akauandikia uongozi wa maabara barua nne kuomba cheti. Zote zilijibiwa kwa shukrani. Wiki hizo vichupa vingine navyo vikaanza kuita watoto wao, friza baada ya friza, mpaka korido ikawa kama sokoni. Uongozi ukaleta milango minene na kugawa vizibo vya masikio.

Mpimaji alivikataa. Kila alasiri binti akitoka shule alimlaza kochini, akaweka sikio kifuani pake.

"Mama mkubwa, unasikiliza nini?"

"Moyo wako, mwanangu."

"Mama naye anausikiliza. Anahesabu mapigo."

"Vizuri."

"Lakini anahesabu kurudi nyuma."

Mpimaji hakumuuliza amefika ngapi.