Mifuko ya Mchanga

Mashine ile ya boti ilikuwa kuukuu tangu shemeji yangu anainunua, na aliinunua kabla hajamuoa dada yangu. Kwa hiyo umri wake mtu asiniulize. Maandishi ya kiwandani yalishafutika kwenye kifuniko. Sisi tuliiita Bibi, kwa sababu ya kikohozi chake cha asubuhi.

Shemeji alivusha watu kwa Bibi miaka na miaka, kutoka gati letu hadi ng'ambo kwenye shule na zahanati. Kisha akaja mtu tunayemwita Radi, ana boti mpya na mashine inayowashwa kwa kitufe. Abiria si ndugu wa mtu. Walihama wote, na shemeji akabaki gatini anachota maji kwenye boti isiyo na mtu.

Likabaki jambo moja. Shule ya ng'ambo ilitaka boti ya kuchukua watoto kila asubuhi na kuwarudisha mchana. Mwalimu mkuu hakutaka maneno mengi. Alisema boti mbili zishindane, kila moja na dereva wake tu, ziende mpaka kwenye boya jekundu na kurudi. Itakayotangulia ndiyo yenye kazi. Ni njia ya kijinga ya kumchagua mtu wa kubeba watoto, lakini hakuna aliyeniuliza.

Shemeji akaja karakanani kwangu na Bibi begani.

"Fundi, nataka mbio."

"Kimbia. Miguu unayo."

"Leo sina utani, shemeji."

"Ukikosa utani wewe, mimi nitataniana na nani? Na nyundo?"

Akaitua mashine mezani taratibu, kama analaza mgonjwa. "Dada yako kasema tukikosa kazi hii anarudi kwa mama yenu, na watoto wote. Kasema bila kugomba, huku anakunja nguo. Angepiga kelele ningelala usingizi."

Namjua dada yangu. Neno lake likitoka kwa upole, limeshapikwa likaiva.

"Sikia," nikamwambia. "Bibi hana mbio. Nguvu aliyozaliwa nayo imeshaliwa nusu. Naweza kumrudishia kidogo cha alichopoteza. Kumfanya msichana siwezi."

"Mrudishie hicho kidogo. Halafu umwibie kingine mahali."

Nikamfungua. Nikakwangua masizi kwenye pistoni, nikabadilisha ringi na plagi, nikaosha kabureta mpaka vitundu vyake vikapitisha mwanga. Propela ilikuwa na meno kama msumeno, nikainyoosha kwa nyundo na tupa. Hayo ni matengenezo, hata fundi mwoga huyafanya.

Wizi ulianza hapo. Nikasaga kichwa cha silinda kikawa chembamba, ili petroli ibanwe zaidi ndani na ilipuke kwa hasira. Kisha nikaweka kibao pale mashine inapokaa nyuma ya boti, ikainuka, mguu wake wenye propela ukazama kidogo tu. Mguu mfupi majini haukokoti maji, na boti inakimbia.

Tatizo ni kwamba mashine hunyonya maji ya kuipoza kwa matundu yaliyo kwenye mguu huohuo. Ukiuinua kupita kiasi, matundu yananyonya hewa. Na mashine haijui kusema imeungua. Ina ishara moja tu, uzi wa maji unaotoka ubavuni, ambao sisi mafundi tunauita mkojo. Bibi akikojoa, ni mzima. Akiacha, unazima hapohapo, hata kama umebakiza urefu wa kasia.

Tukamjaribu. Boti ikiwa tupu, mkojo ulikatika. Tukapanga mifuko minne ya mchanga nyuma kabisa, karibu na miguu ya shemeji, sehemu ile ikashuka na mkojo ukarudi. Na bado alikwenda kasi! Shemeji alishuka gatini anacheka mpaka machozi.

"Mifuko hii ndiyo roho yake," nikamwambia. "Usiiguse."

"Fundi, mimi si mtoto."

Siku ya shindano gati lilijaa. Radi aliiona mifuko, akapiga makofi. "Babu anahama na nyumba!" Watu wakaangua kicheko. Shemeji aliinamia mashine. Alivuta kamba ya kuwashia, Bibi akakohoa, akashika. Dada yangu alisimama kando yangu, mikono kifuani.

Mwalimu mkuu akapuliza filimbi.

Mpaka kwenye boya Radi alikuwa mbele, lakini si sana. Sikuamini macho yangu, na mimi ndiye niliyeifunga ile mashine. Wakageuka. Shemeji alikuwa amezoea kugeuza shingo kila mara kutazama mkojo. Siku ile macho yake yalikuwa kwenye mgongo wa Radi.

"Atupe mizigo hiyo!" mtu akapaza sauti nyuma yetu. "Mchanga wa nini?"

Kama vile alimsikia, shemeji akainama, akaubeba mfuko, akautupa majini. Boti ikaruka mbele. Gati zima likapiga mayowe.

Nilipanda juu ya pipa, nikapunga mikono yote miwili na shati. "Acha! Acha!" Kwa kelele zile ilikuwa kama nimenyamaza. Aliniona. Namfahamu, aliniona, maana alinyanyua mkono kunijibu. Kisha akatupa wa pili, wa tatu, na wa nne.

Akampita Radi. Dada yangu alinishika mkono, akaruka kama msichana. "Kaka, anashinda! Ona, anashinda!"

Mimi nilitazama ubavuni mwa Bibi. Palikuwa pakavu.

Sauti ilipanda, ikawa nyembamba, kisha ukasikika mlio mmoja kama sufuria kudondoka. Moshi, halafu kimya. Radi akapita. Alipokwisha kufika alirudi na kamba kumvuta shemeji, na hakusema kitu. Nilitamani angemcheka.

Kwenye karakana nilimfungua Bibi tena. Pistoni ilikuwa imeyeyuka, imeshikana na silinda kama uji ulioungulia chunguni.

"Atapona?" shemeji akauliza.

"Hapana."

"Hata kidogo kile?"

"Hata hicho."

Akapangusa mikono iliyokuwa safi. "Nilipotupa mfuko wa kwanza niliogopa, shemeji. Halafu nikakuona juu ya pipa unanipungia. Nikajua umekubali."

"Nilikuwa nakukataza."

"Eeh," akasema. "Najua sasa."

Dada yangu aliondoka kama alivyosema, bila kugomba. Alipitia kwangu kuniaga, mtoto mdogo mgongoni, wakubwa wawili nyuma na mabegi. Alimtazama Bibi mezani, akatoka.

Siku hizi shemeji ni mshika kamba gatini. Asubuhi anaishika boti ya Radi isiyumbe watoto wa shule wanapopanda. Akimaliza huja kwangu, anakaa kwenye debe. Kabla ya kuondoka hushika kamba ya Bibi, anaivuta. Haitoki hata inchi. Anairudisha vizuri mahali pake, kama mtu atakayeihitaji kesho.