Kufika Izigo kwa Landrova

Baba yangu, mzee Mwijage, alinunua Landrova mbovu mwaka ule ule daktari alipomwambia kwamba presha ya macho itamfunga yote mawili. Mimi ndiye niliyegombana naye. Wadogo zangu wako Dar na Mwanza, wao hugombana kwa simu, na salio likiisha ugomvi nao umeisha. Mimi, Renatha, naishi naye hapa Bukoba, nyuma ya duka langu la spea, kwa hiyo nilipiga kelele kwa niaba ya ukoo mzima.

"Tata, utaendesha na nini? Na masikio?"

"Nitaendesha kabla hayajafunga," alisema. "Nataka kufika Izigo mara moja tu, kwa barabara ya zamani, mpaka pale tulipokuwa tunanunulia kahawa. Baada ya hapo Mungu afanye anavyotaka."

Pale ndipo alipompata mama. Baba alikuwa dereva wa chama cha kahawa, na mama, Klaudia, alikuwa binti wa mkulima aliyeleta magunia yake kwenye mzani. Sasa mama amelala kwenye kibanja chetu cha migomba Maruku. Tulipomzika mama, baba alinyamaza hata tukaogopa, na siku alipofungua kinywa alitaja lile gari la chama.

Alilipata Muleba, mwaloni, kwa Bundala, mfanyabiashara wa dagaa wanaoletwa na mitumbwi kutoka Goziba. Chama kililiuza zamani, likapita mikono mingi, likafia hapo. Kuku walikuwa wakitaga kwenye kiti cha dereva. Baba aliingiza mkono chini ya kiti, akapapasa alama ya welding aliyoipiga mwenyewe ujanani, akabaki ameinama vile vile. Bundala akaniuliza kama mzee anaumwa. Nikamwambia ndiyo, na ugonjwa wenyewe ni hilo gari lako.

Watu husema ya kale hayanuki. Waliosema hivyo hawajapanda Landrova ya Bundala. Tulipoivuta mpaka gereji ya Najibu, paka wa mtaa mzima walihamia huko. Tuliiosha kwa sabuni, kwa majivu, kwa ndimu, na bado mvua ikinyesha dagaa walifufuka.

Najibu akaifungua yote. Bodi ilikuwa nzima, ila chesisi ilikuwa imeliwa na kutu kama muhindi uliopitiwa na nyani. Pistoni zilikuwa zimeganda. Gasketi nilizifuata Mutukula, klachi ikaja kwa meli kutoka Mwanza, tukaipima, siyo yenyewe, ikarudi kwa meli. Najibu alichoka mapema.

"Mzee, tuweke injini ya Toyota kama watu wote. Wiki ijayo unaendesha."

"Nikitaka Toyota nitanunua Toyota," baba alimjibu.

Nilitamani kumtikisa. Kila spea iliyochelewa ilimla macho, naye alijua. Mwanzoni aliichagua rangi mwenyewe, kijani kile kile cha chama. Baadaye alikuwa akiniuliza kama rangi imekauka. Halafu asubuhi moja, ameshika bati la mlango kwa mikono miwili, akaniuliza ni rangi gani. Nikamjibu ni kijani, Tata, nikaenda nyuma ya duka nikalia. Yule mzee mkaidi nilimpenda kuliko nilivyokuwa tayari kukubali.

Siku ilipowaka, Najibu alizungusha hendeli mpaka shati likalowa. Injini ikakohoa, ikatema moshi mweusi, ikashika. Mafundi wakashangilia. Baba alipanda kwenye kiti cha dereva, akashika usukani, akaugeuza kidogo kulia na kushoto. Kisha akashuka, akapapasa boneti mpaka upande wa pili, akapanda kiti cha abiria.

"Nimechelewa," alisema. "Endesha wewe."

Tukaenda, Kemondo, Muhutwe, lami tupu, mimi nikipigana na gia na baba akinikosoa kwa kusikia tu. Karibu na Izigo tuliiacha lami tukashika barabara ya zamani, udongo mwekundu na majani ya migomba yakitupiga vioo. Sura yake ilibadilika. Alijua kila kona kabla sijaiona. Tukavuka bonde, tukapanda mlima kwa gia ya pili, na juu kabisa nikafunga breki.

Katikati ya barabara palikuwa na kaburi. Limejengwa vizuri, lina vigae na msalaba, na kulia na kushoto ni migomba. Mwenye kibanja, mama mmoja mtu mzima aitwaye Yuster, alitoka, akamsalimia baba kwa Kihaya, salamu ndefu za heshima, akatuletea kahawa ya kutafuna. Ndipo akaeleza.

"Barabara ilipohamia kwenye lami, hii ilibaki yatima. Mashemeji zangu wakapanda migomba. Mume wangu alipofariki wakasema azikwe hapa hapa, asije mtu akaidai tena. Migomba serikali inaweza kung'oa, waitu, lakini kaburi wataliogopa."

Nilimkasirikia marehemu nisiyemjua. Safari yote ile, macho yote yale, tuje kuzibwa na mtu aliyelala! Yuster aliuona uso wangu.

"Banda la kahawa lilikuwa hapo mbele tu. Nikate migomba hii, gari lipite pembeni?"

"Ina mikungu?" baba aliuliza.

"Inayo."

"Basi usikate. Mgomba wenye mkungu haukatwi kwa ajili ya gari."

Akaniwekea mkono begani, tukalizunguka kaburi kwa miguu, Yuster akitangulia. Banda lilikuwa limeanguka, umebaki msingi. Baba aliugusa kwa kiatu, akasimama. Nilijua sasa atalia, nikajiandaa kumshika.

"Renatha, rudi kwenye gari," alisema. "Shuka nalo mpaka bondeni, halafu uje."

"Nije wapi, Tata? Njia imezibwa."

"Njoo mpaka kwenye kaburi. Mama yako alikuwa anasimama hapa. Alikuwa analisikia kutoka bondeni, analitofautisha na malori yote, moyo unamwenda mbio. Aliniambia hivyo mpaka amezeeka. Mimi nilikuwa ndani siku zote, omwana wange. Sijawahi kulisikia likija."

Nikamwacha na Yuster. Nilirudi kinyumenyume mpaka chini, nikageuza, nikaupanda mlima huku machozi yananizuia kuona njia. Kwenye kaburi nikasimama, sikuzima injini. Kati ya migomba nilimwona, kifua mbele, shingo ameinyoosha, anatabasamu kama kijana.

Akainua mkono, akapaza sauti.

"Rudia tena! Na safari hii uje polepole."