Kidole Kilichogoma

Daktari alinifungua fuvu nikiwa macho, ili akitoa uvimbe ubongoni ajue kama mkono wangu wa kulia bado uko hai. Kazi yangu tukufu ilikuwa kugusanisha kidole gumba na vidole vingine bila kukoma. Dada muuguzi aliushika mkono huo, tayari kupiga kelele vidole vikikwama.

Tatizo ni kwamba siku ya mazoezi, kabla ya upasuaji, nilijifanya nimepooza, tena mara mbili. Dada alikaribia kuzimia. Nilicheka peke yangu.

Safari hii kidole cha kati kiligoma kwelikweli.

"Dada, hakiendi. Naapa, si utani!"

Nilijua nimejichongea. Nani angeniamini?

"Daktari, simama!" dada alisema papo hapo.

Daktari akaondoa kifaa chake. "Basi, kipande hiki cha uvimbe tunakiacha. Mkono kwanza."

Tukangoja. Hatimaye kidole kikajikunja kwa uvivu, kama mwanafunzi anayeamshwa bwenini.

"Kwa nini umeniamini?" nilimuuliza dada.

"Hata ungenidanganya mara mia, mdogo wangu, ningemsimamisha mara mia."

Nikambana mkono kwa nguvu zangu zote.

"We! Unaniumiza!"

Sijawahi kulalamikiwa nikafurahi kiasi kile.