Mwalimu wa Usingizi

Nilitoka Kericho kwenda Unguja kufundisha kompyuta kwa kujitolea, miezi sita, katika skuli ndogo ya watoto iliyokuwa ghorofani Mji Mkongwe. Kompyuta hazikufika. Kila wiki niliambiwa ziko njiani, na kila wiki nilipanda zile ngazi za mbao nikiwa nimenuna, maana nikikasirika uso wangu haujui kuficha. Wiki ya tatu Bi Mwanakheir, mwalimu mkuu, akaniita.

"Naam," nikajibu. Hilo nilikuwa nimeshajifunza.

"Mwalimu, hebu nshikie chumba cha kulala, japo siku mbili tatu."

Watoto wa pale huamka alfajiri kwenda chuoni kusoma Kurani, wakitoka huko huja skuli, na alasiri hurudi chuoni tena. Ndiyo maana Bi Mwanakheir aliwawekea saa moja ya usingizi mchana. Chumba kilikuwa na mikeka kumi na minane na madirisha marefu ya mbao yaliyofungwa nusu, mwanga ukipenya kwenye mianya na kulala sakafuni kwa michirizi. Nilisimama mlangoni nikajiambia, haya, umesoma chuo kikuu miaka minne uje kubembeleza watoto wa watu.

Nyimbo za kulaza mtoto sizijui. Nikaanza kuwasimulia njia ya kwetu, kwa sauti ya chini: ninavyofungua lango asubuhi, ukungu umetanda juu ya majani ya chai, na baridi inauma vidole. Niliwatembeza mstari kwa mstari, kilima kwa kilima. Ukungu hawajauona maishani mwao, lakini waliingia ndani yake bila kuuliza. Tulipofika kilima cha tatu chumba kizima kilikuwa kinapumua pamoja, na mimi mwenyewe sikuwa na hakika niko Unguja au niko kwetu. Siku mbili tatu zikawa miezi miwili. Habari za kompyuta niliacha kuziuliza.

Mmoja tu hakulala. Riyama, miaka mitano, alikaa kitako juu ya mkeka wake, mgongo wima, macho makavu. Kila nikinyamaza alisema, "Halafu?" Niliendelea mpaka nikamaliza vilima vyote vya Kericho nikaanza kubuni vingine, na bado, "Halafu?" Siku moja nilimwambia kwa ukali kuwa njia imekwisha. Akaniangalia tu, nikajuta siku nzima.

Bi Mwanakheir ndiye aliyenieleza. Zuleikha, mama wa mtoto, anafanya kazi za ndani Maskati. Siku aliyosafiri, mwaka juzi, alimlaza mwanawe kwanza, mchana, kisha akachukua begi lake akatoka.

"Ndivyo tunavyofanya, mwalimu. Mtoto akikuona unaondoka atalia, na wewe miguu itakuwa mizito. Bora alale. Lakini huyu tangu siku ile mchana halali tena, abadan."

Nikamwendea Riyama. "Ukilala, utakapoamka utanikuta hapa hapa," nikamwambia. Hakuniamini, na hakuwa mjinga. Nilirudia maneno yale kila siku. Siku ya tisa, katikati ya kilima ambacho hakipo duniani, kichwa chake kikainama. Nilikaa pale, mguu umekufa ganzi, mtu akiniita mlangoni simjibu. Alipofungua macho alinitafuta, akaniona.

"Upo," akasema.

Nililia, na sioni haya kusema.

Mwezi wa Shaabani Zuleikha alikuja likizo ya wiki mbili. Siku ya mwisho aliandamana na mwanawe mpaka skuli. Bi Mwanakheir akanivuta ukumbini, na Zuleikha akanishika mkono kwa mikono yake miwili. Alikuwa mwembamba, macho mekundu, anazungumza kwa haraka.

"Mwalimu, ndege yangu saa tisa. Gari inanchukua hapa saa saba na nusu. Nlazie mwanangu. Kwangu mimi halali, ananshika nguo tangu juzi. Nnasikia kwako hulala."

"Nimlaze ili uondoke?"

"Nifanye nini, dada yangu? Nikimwona analia siondoki. Na nisipoondoka, nyumba nzima inantazama mimi."

Nilikasirika, na sikujua namkasirikia nani. "Mimi nimemwahidi mtoto huyu," nikasema. Bi Mwanakheir akaninong'oneza, "Mwalimu, tafadhali, usituharibie safari." Nikamwambia Zuleikha, "Basi njoo ulale naye. Mengine sijui."

Walijilaza kwenye mkeka mmoja. Nikafungua lango, nikaingia kwenye ukungu, na kwa mara ya kwanza sikutaka kufika popote. Nilipita polepole. Nilizunguka. Nilirudi nyuma kwenye mistari niliyokwisha kuipita, na watoto wakalala mmoja mmoja, huyu kinywa wazi, yule mkono juu ya mwenzake. Mkeka ule sikuutazama. Nilikuwa naogopa kuona kuwa nimefaulu.

Nilipoishiwa na sauti, nikageuka. Aliyelala alikuwa Zuleikha. Alilala usingizi mzito, mashavu yamelegea, kama mtu aliyeamshwa na kengele za watu miaka miwili mfululizo. Riyama alikuwa amekaa kitako pembeni yake. Alikuwa amemfunika miguu kwa kanga.

Honi ya gari ikasikika kutoka barabarani. Bi Mwanakheir akatokeza mlangoni, akaona, akaganda.

"Gari ya mama hiyo?" Riyama akaniuliza.

"Ndiyo," nikasema. "Anarudi Maskati leo."

"Nnajua. Begi lilikuwa nyuma ya mlango kwetu tangu jana."

Nikangoja alie. Hakulia. Alimtazama mama yake usoni, muda mrefu, kama anamsoma. Honi ikalia tena, nami sikuthubutu kusogea, wala Bi Mwanakheir. Riyama akamwachia mama yake apumue mara moja, mara mbili, mara ya tatu. Kisha akainama, akamgusa shavu kwa kiganja.

"Mama," akasema taratibu. "Amka. Ndege itakuacha."